Kufuli la Daktari Polikarpo

Aa, siyo kwamba nimeshiba, mjukuu wangu, mke wangu Naima, na wala siyo meno. Meno ninayo, haya hapa, ya kutosha kumng'ata mtu. Supu yako nzuri, ina ndimu, ina pilipili manga, inanukia mpaka kwa jirani. Ila hicho kipande cha utumbo kinachoelea humo nitolee, mpe kaka yako. Mie utumbo nikiuona ni kama mtu kanikaba kwa nyuma. Unauliza tangu lini? Tangu mwaka tisini na nane, wewe hujazaliwa, mama yako Munira bado msichana, yuko kwenye kazi yake ya kwanza ile ya Mwenge. Na aliyenitoa hamu siyo ng'ombe, ng'ombe hana kosa. Ni binadamu, alikuwa anaitwa Gibson. Kaa hapo nikusimulie, hiyo supu ipoe kwanza.

Wakati huo nilikuwa bado nashona magodoro ya sufi, hapahapa Tandika. Kazi yenyewe ilikuwa inakufa. Soko huria limefungua milango, vimeingia vitu kutoka kila pembe, na hayo magodoro ya sponji mtu anabeba kichwani kama mkate. Nyie mnaolalia sponji hamjui kulala. Sufi inachambuliwa, inaanikwa, unaisindilia kwa mkono mpaka... haya, tuyaache hayo.

Dada yangu Mwanakombo, bibi yenu mdogo, mumewe alikuwa kafa. Akapata kibarua cha kuosha utumbo kule upande wa Vingunguti. Siyo kwenye yale machinjio makubwa, usinielewe vibaya, yale yana mabwana afya wake. Huku kulikuwa uani kwa mtu, uzio wa mabati, mwenyewe anaitwa Leodegar. Sie kwa majirani tulisema Mwanakombo anapara samaki Feri, maana harufu aliyokuwa anarudi nayo lazima uitafutie maelezo. Anaoga kwa ndimu, anajisugua majivu, na bado inzi wanamfuata mpaka ndani ya chandarua.

Siku moja akaacha kula. Bibi yako anampakulia, yeye anasogeza sahani pembeni. Ndiyo akatuambia.

"Kaka, kule ng'ombe hawachinjwi. Wanakuja kwenye lori wamelala. Wamekufa njiani, wengine tumbo limevimba, ukilitia kisu linapumua kama tairi."

"Halafu?"

"Halafu tunaosha. Minofu inalowekwa na dawa, sijui ya nini, inachoma vidole. Kisha wanagonga mhuri wa bwana afya."

"Bwana afya gani anakubali hayo?"

"Bwana afya hayupo. Mhuri Leodegar kauchongesha mwenyewe, wa mpingo, mzuri kuliko wa serikali. Ijumaa wanakuja watu wananunua nyama ya hitima."

Kibudu, mke wangu! Watu wanasomewa Kurani na juu ya sinia kuna kibudu! Na mie nyama ya mabucha anayoyauzia Leodegar nimekula, hitima ngapi nimekwenda, ngapi nimeomba niongezwe. Nilitoka nikaenda nyuma ya choo, nikatapika mpaka nyongo. Mpaka leo nikisema neno hili mate yananijaa. Ona, yameanza.

Sasa mama yako. Munira alikuwa kasoma mambo ya kompyuta, kaajiriwa na chama kimoja kidogo cha kutetea walaji, ofisi yao juu ghorofani pale Mwenge, chini yao wachonga vinyago wanagonga patasi kutwa nzima. Wale walikuwa wameshasikia habari za Leodegar kabla ya sie. Kulikuwa na dereva mmoja wa lori, akawaeleza, wakaandika barua ya posta kwenda kwa Daktari Polikarpo, daktari wa mifugo, yuko Arusha, ndiye mwenye uwezo wa kuja na watu wa serikali akafunga mahali. Barua ilifunguliwa njiani. Nani kaifungua, Mungu anajua. Yule dereva walimvunja taya. Alikuwa anakunywa uji kwa mrija, na hata huo nusu unamwagikia kifuani.

Kwa hiyo Mwanakombo alipokubali kusema, sharti lilikuwa moja. Jina lake alione Daktari tu. Daktari alimhitaji, maana ndiye anayejua lori linaingia siku gani na mlango wa nyuma unafungwaje. Lakini likionwa na mtu mwingine, taya linalofuata ni lake.

Munira akasema, "Tutatuma kwa imeili, baba, tena ya kufunga. Hakuna wa kuifungua njiani."

"Inafungwaje barua isiyo na bahasha?"

"Chukulia ni kufuli. Daktari kagawa makufuli yake yakiwa wazi, anampa kila mtu. Ufunguo kabaki nao mwenyewe. Mie naweka barua kwenye sanduku, nabana kufuli lake, kwisha. Hata mie siwezi kulifungua tena."

Nikasema hiyo akili. Nikamuuliza, "Na hilo kufuli lake unalichukua wapi?"

"Kuna ghala huko ng'ambo. Mtu anaweka la kwake na jina lake, wenzake wanalichukua."

"Mwenye ghala anamjua kila mtu?"

"Hamjui yeyote, baba."

"Sasa mie nikienda nikaweka kufuli, nikaandika hili la Munira?"

Akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. "Ndiyo ishu yenyewe hiyo. Makufuli ya Daktari nimeyakuta mawili. La mwaka jana, na jingine la mwezi huu. Yote yana jina lake."

Ukiweka kufuli la mtu mwingine, mke wangu, umemfungia barua huyo mtu mwingine. Ndiye ataifungua, ndiye atamsoma Mwanakombo.

Hapo ndipo anaingia Gibson. Gibson alikuwa anafanya kazi naye, ndiye aliyekuwa anaangalia mashine za ofisi, imeili zote zinapita kwake. Kijana mtanashati, tai, kabegi ka ngozi ka kubana kwapani. Jumamosi nyingi alikuwa anakujaga hapa, "shikamoo mzee wangu, shikamoo mama," anakaa mkekani, anakula pweza wa bibi yako mpaka anaramba vidole. Mwanakombo ndiye anamnawisha, anammiminia maji kwa birika. Shika hilo. Maji alikuwa anamiminiwa na nani.

Gibson akamwambia Munira, "Sista, chukua jipya. Daktari kabadilisha mashine, la zamani limekufa."

"Ngoja nimpigie nihakikishe," Munira akasema. "Kila kufuli lina alama zake, anisomee tu."

"Umpigie mtu mzima, daktari, umwambie athibitishe kama yeye ni yeye? Wewe kwenu hamna adabu?"

Neno hilo lilimshika. Na hebu fikiria, hata wewe lingekushika. Unampigia mkubwa wako, unamwamkia shikamoo, kisha unamwambia sikuamini, hebu nisomee nikukague. Na hizo alama zenyewe siyo za kusoma, bwana. Alinionyesha, aa! Tarakimu na herufi zimechanganywa kama takataka za soko. Alijaribu mara moja kumpigia, Daktari akaanza kusoma, laini inakoroma, hawaelewani, Munira kila akisema "samahani, rudia" anaona aibu, mwisho akamshukuru akakata. Akarudi nyumbani, anakaa pale kwenye ngazi, ananiambia, "Baba, kesho naweka jipya. Gibson anazijua hizi mashine kuliko mie."

Mwanakombo alikuwa anaanika kanga. Aliposikia alishindwa kubana kibanio, kikawa kinamdondoka tu.

Munira akamwona. Akasema, "Shangazi, njoo. Nitajie maneno. Mafupi, ya kila siku, ambayo mtu akiyasema kwenye simu mbovu huwezi kuyachanganya."

"Maneno gani?"

"Yoyote. Kila alama naipa neno lake, kisha mashine inasoma maneno badala ya hizi takataka."

Mjukuu wangu, ile jioni sikuisahau. Bibi yako anasema mwiko, kinu, ungo, pazia. Mie nikasema sufi, sindano, kitani, tandiko. Mwanakombo yakamtoka kama anayatapika: bandama, kongoro, kwato, nyongo, funza, inzi. Bibi yako anaziba pua, "Wifi, tutakula leo kweli?" Munira anaandika tu. Akayasuka kwenye programu yake, akaitia kwenye disketi moja, akampa kondakta wa basi la Arusha amfikishie Daktari, naye mashine yake imsomee kufuli lake kwa maneno hayohayo. Siri hapo hakuna, kila mtu anaweza kuyaona. Kinachotakiwa ni kumsikia mwenyewe akiyasema kwa sauti yake.

Ikabaki nani wa kumpigia. Munira bado aibu. Nikamuuliza, "Huyu Polikarpo ni mtu wa wapi?"

"Mnyamwezi, wa Tabora."

"Mnyamwezi! Si mtani wangu huyo! Wewe unanikondea siku zote hizi, kumbe unamwogopa mpagazi wangu?"

Munira akaniangalia, kisha akapiga kofi la paja. "Baba, vaa shati."

Tukaenda kwenye kibanda cha simu. Munira kashika karatasi mbili, moja ya maneno ya kufuli la zamani, moja ya jipya. Kabana sikio lake upande wa pili wa mkono wa simu, kichwa chake kinanuka mafuta ya nazi.

"Haloo, Daktari Polikarpo?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Bwana wako. Marijani, Mzaramo wa Kisarawe."

Nikasikia mtu anacheka kwa tumbo. "Eeh! Mzaramo kapata hela ya simu? Umeuza mnazi wa nani?"

"Nimekuuza wewe. Tatizo hapa mmejitokeza Polikarpo wawili, na mteja anataka mmoja. Sasa soma hayo maneno kwenye mashine yako, nimjue mtumwa wangu ni yupi."

"Mtumwa babu yako! Yule binti aliyenipigia ni wa kwako? Mbona hakuniuliza hivi?"

"Yeye ana adabu, mie sina. Soma, pesa inakwenda."

"Haya, tega hayo masikio ya ngoma. Kongoro. Sindano. Mwiko. Nyongo..." Akasita. "Nani kaandika uchafu huu?"

"Soma! Nyie mliotembea kwa miguu toka Tabora mpaka pwani mnaishiwa pumzi kwa neno nyongo?"

"Nyie mliokuwa mmelala mkitusubiri na deni la pombe! Funza. Pazia. Kwato..."

Kidole cha Munira kilikuwa kinashuka kwenye karatasi ya zamani, neno kwa neno, kongoro, sindano, mwiko, nyongo, funza, pazia, kwato, mpaka chini kabisa. Karatasi ya pili ilianza na ungo, tandiko, inzi. Hakuna hata neno moja lililokaa mahali pake.

"Daktari," Munira akainyakua simu, "shikamoo. Mwezi huu umeweka kufuli jipya?"

"Marahaba. Sijaweka kitu, binti."

Akairudisha simu mahali pake. "Kesho ningemweka shangazi humu," akasema, anaitazama ile karatasi kama kinyesi. "Kesho asubuhi, baba."

Mie nilitaka nichukue sindano yangu ya magodoro, ile ndefu, nipande Mwenge. Bibi yako akasema kaa chini. Munira naye, mtoto yule ana haki kupita kiasi, akasema pengine Gibson naye kadanganywa, tusimle nyama mtu kabla ya kujua.

Kwa hiyo kwanza akamwandikia Daktari barua ya kweli, akaifunga kwa kufuli la zamani, ikaenda kwa mashine ya pembeni, siyo ya ofisini. Jibu likaja: Jumamosi. Kisha akaandika barua ya pili, ya uwongo, akaifunga kwa lile jipya. Humo hakuna jina la mtu. Kasema tu ushahidi, kilo mbili za utumbo wa kwa Leodegar, umefichwa kwenye friza la jirani yetu Auleria, kwenye mfuko mweusi, chini ya barafu. Akamwambia Gibson, "Asante braza, nimeweka jipya kama ulivyosema."

Auleria unamjua, yule mama wa Kihaya aliyekuwa anauza barafu na ubuyu wa kugandisha. Kumshawishi haikuwa rahisi. "Mzee Marijani, uweke uozo kwenye friza langu? Watoto wa watu wanalamba hizi barafu!" Tulimwahidi kulisugua kwa sabuni na maji ya moto, na barafu zote za siku hiyo amwage. Mwanakombo akauleta mfuko Ijumaa. Na umeme wenyewe ulikuwa wa mgao, kwa hiyo kitu hakikuganda, kililainika tu humo ndani.

Jumamosi chakula kimeiva mapema, wali wa nazi, maharage, mchicha. Mkeka umetandikwa. Hatuli, tunamsubiri mgeni, na mgeni hatumtaji. Mwanakombo hakwenda kazini, alisema anaumwa. Anaingia Gibson na kabegi kake.

"Shikamoo mzee wangu. Mama, leo kuna nini, nanusa nazi!"

"Marahaba. Kaa, tunamngoja mtu."

Hakukaa. Anajifuta jasho. "Joto leo. Mzee, hapa jirani si kuna mama anauza barafu? Ngoja nikawaletee, nyie kaeni."

Mke wangu, yule bwana alikuwa na jino bovu. Maji baridi hajawahi kuyagusa nyumbani kwangu, hata Ramadhani bibi yako akimpa analia kama mtoto. Munira aliinamisha kichwa. Bado alikuwa anamtarajia arudi na barafu tu.

Akarudi. Barafu kashika mkono mmoja, kabegi kameshikwa na kwapa la pili, kametuna. Akakaa mkekani, katikati yetu, kabegi kapakatwa. "Haya, karibuni barafu." Anatabasamu! Na mie naangalia pembe ya kabegi. Likatoka tone. Likatoka la pili, jeusi, zito, likaangukia suruali yake ya krimu. Kisha harufu ikafunguka. Sijui nikuelezeje. Siyo ya mzoga peke yake, mzoga na ile dawa, tamu, inakushika kooni. Inzi walitoka sijui wapi. Na yeye kakaa palepale, maji yanamshuka mpaka kwenye soksi, anamwambia Mwanakombo, "Mama, ninawishe basi, tule."

Anyooshe mikono anawishwe! Na Mwanakombo! Mikono ileile!

Mwanakombo kashika birika, hamimini. Anamwangalia tu usoni. Hapo mlangoni ikapigwa hodi, na mtu mfupi mnene, buti zina matope, akaingia bila kungoja karibu.

"Mzaramo! Unanialika kula halafu nyumba inanuka hivi?" Akavuta pua, kazi yake ile, akamgeukia Gibson. "Kijana, huo utumbo wa ng'ombe aliyekufa siku nyingi. Unampelekea nani?"

"Gibson," Munira akasema taratibu, "huyu ndiye Daktari Polikarpo. Ulisema unalijua kufuli lake."

Alisimama, kabegi kakafunguka. Sitaki kusema kilichomwagika, unataka kunywa supu. Akaruka, akateleza kwenye ule ute wake mwenyewe, akainuka, akatoka na kiatu kimoja. Auleria yuko mlangoni na ufagio, akampa wa mgongo. "Friza langu, mshenzi wewe!" Mtaa mzima ulimsikia. Ofisini hakurudi tena. Leodegar alimpa nini, sikutaka kujua. Mtu anakula kwako, anamuuza anayemnawisha mikono, halafu nikaulize bei? Kinyaa tu. Mpaka leo kinyaa.

Mkeka tukauchoma. Tukasugua sakafu kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Daktari naye kavua buti anamwaga maji na sie, huku anasimulia: wameingia kwa mlango wa nyuma kama walivyoelekezwa, lori limekutwa limejaa, Leodegar kapakiwa kwenye gari la polisi, mabati yanang'olewa. Akatoa mfukoni mhuri wa mpingo. Mzuri kweli, herufi zimekaa kama za serikali.

"Usiuweke ndani ya nyumba," Mwanakombo akasema. Akauchukua mwenyewe akautoa nje, akautundika kwenye tawi la mti kwa kamba.

Munira kwenye ile programu yao ya kufungia barua aliongeza kitu. Ukitaka kumwandikia mtu, kufuli ambalo hakuna mwenzetu aliyelisikia kwa sikio lake halijitokezi kabisa, na yaliyosikiwa yana jina la aliyesikia pembeni. La Daktari limeandikwa: kasikia Marijani, fundi magodoro. Jina langu liko kwenye kompyuta, unacheka nini?

Basi bibi yako akatandika mkeka mpya, ule wa wageni wa Idi. Wali umepoa, akaupasha. Mwanakombo akachukua birika, akaanza na Daktari.

Daktari ananawa, anauliza bila kuinua macho, "Yale maneno, bandama, kwato, nyongo. Nani aliyatoa? Barua ilikuwa na jina, lakini sura siijui, na sikutaka kuuliza mbele za watu."

Mie nikaangalia pembeni. Toka dereva avunjwe taya jina la dada yangu halikuwa limetamkwa humu ndani pamoja na habari ya kule.

"Mie," dada yangu akasema. "Mwanakombo. Nilikuwa naosha utumbo kwa Leodegar."

Alilisema kwa sauti, mlango uko wazi, majirani wanapita.

"Basi, dada, leta birika," Daktari akasema, "nami nikunawishe."

Akamnawisha. Maji yalimpita vidole, vile vilivyokuwa vimebabuka kwa ile dawa. Akakaa. Munira akakaa, bibi yako akakaa, Auleria tukamvuta mkono naye akakaa na ufagio wake pembeni. Mtani wangu akaniambia nisogee, Wazaramo tunapenda kujitanua. Nikasogea. Bismillahi, mikono ikaingia kwenye sinia, na Mwanakombo, ambaye kwa siku nyingi alikuwa anasogeza sahani pembeni, ndiye aliyekata tonge la kwanza.